Msindikizaji wa Mgonjwa

Katika nyumba ile mgonjwa alijulikana, wala hapakuwa na haja ya kuuliza. Ungepiga hodi, ukakaribishwa sebuleni, ukamkuta ameketi nyuma ya cherehani, pazia la mteja limemfunika magoti, na uso wake ungekuambia kila kitu kabla hajaitikia salamu. Mabaka yalikuwa yamemkaa mashavuni, puani na masikioni, katikati meupe kama ngozi iliyobabuka kwa moto, pembeni meusi tii. Kichwani, chini ya kitambaa, nywele zilikuwa zimemtoka kwa mafungu na hazikurudi tena. Watu wa mtaa walimwita Fundi, kwa kuwa alishona mapazia, na kwa kupanga marinda hakuwa na wa kumfikia.

Mdogo wake wa kike, aliyemfuata ziwa moja, aliitwa Chuma. Jina hilo alipewa na marehemu baba yao, siku alipokiona kitoto kile kinatoka bombani na ndoo ya maji kila mkono, hakiyumbi. Baba akasema, huyu si mtoto, huyu ni chuma. Jina likamganda mpaka ukubwani. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa kukanda unga na kutoa trei tanurini, kazi ya kusimama kutwa nzima. Uso wake ulikuwa laini, hauna hata chunusi. Mama yao alipenda kusema, nusu utani nusu kweli, kwamba siku Mungu alipogawa ngozi, mdogo aliwahi foleni na mkubwa akachelewa.

Fundi alikuwa ameolewa zamani. Doa la kwanza lilimtokea shavuni akiwa kwa mumewe, jekundu, dogo kama kitufe cha shati. Walidhani ni mdudu kapita. Likakua, likaota magamba, likazaa mengine, na kila alipotoka juani yakawaka upya. Mama mkwe akamtengea kikombe chake na sahani yake. Kisha akamtengea kigoda. Mume hakusema neno baya hata moja, ila akaanza kulala na uso ukutani, na mwanamke mwenye akili hangoji kuambiwa zaidi ya hapo. Akafunga mizigo, akabeba cherehani yake, akarudi kwa mama yake.

Hospitali ndiko walikokata kipande kidogo cha ngozi, wakakipima, wakaupa ugonjwa jina lake: lupus. Daktari wa ngozi, mwanamke mnene mpole aliyevaa miwani ya kamba shingoni, aliwaeleza kwamba mwili wa Fundi umeanza kujishambulia wenyewe, kama mlinzi wa usiku anayempiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Akampa vidonge na dawa ya kupaka, akamkataza jua.

Mama alisikia yote hayo, lakini alichokielewa ni kimoja tu: mwanangu anakufa. Kuanzia siku ile nyumba nzima ikapangwa upya kumzunguka Fundi. Chumba kisichopigwa na jua la asubuhi akapewa yeye, Chuma akahamia kwenye kochi la sebuleni. Chakula kikiiva, Fundi alipakuliwa kwanza, kipande cha nyama laini kikawa chake. Mama alikuwa mtu wa kazi, miaka mingi alifua mashuka ya hoteli mpaka vidole vikapinda. Sasa nguvu zote zilizobaki akazielekeza kwa binti mmoja. Akisali, alimtaja mkubwa kwa jina na mdogo akamweka kwenye "na wote waliomo humu ndani."

Nani angemlaumu? Mzazi hukimbilia mtoto anayelia. Na uso wa Fundi ulikuwa ukilia mchana kutwa hata yeye mwenyewe akicheka.

Chuma ndiye aliyekuwa msindikizaji. Kila mwezi ilipofika siku ya kliniki aliomba ruhusa kazini, akabeba faili, chupa ya maji na mwavuli mweusi mkubwa, akatembea sambamba na dada yake huku amemfunika kivuli. Jua likiwa kali au mawingu yametanda, mwavuli haukufungwa.

"Watu watadhani wewe ni bosi na mimi nimeajiriwa kukushikia mwavuli," Chuma alikuwa akisema.

"Basi mshahara wako ni huu," Fundi anajibu, anamfinya mkono.

Walikuwa hivyo. Walipendana, na walitaniana hadi Mama akawaita watu wazima wenye akili za watoto. Lakini Fundi alijua, na hili hakuwahi kumwambia mtu, kwamba ndani ya mapenzi yale mlikuwa na mwiba. Wakati mwingine akimtazama mdogo wake anajipaka mafuta mbele ya kioo cha sebuleni, uso unang'aa kama kikombe kipya, moyo wake ulimchoma. Alijisemea: kwa nini mimi, na si yeye. Kisha akajiona mbaya, akainamia cherehani.

Mwaka ule Chuma alianza kuchoka. Alikuwa akirudi kazini anajitupa kochini na viatu vyake, hata kula hataki. Asubuhi vidole vilimkakamaa, akawa anaviloweka kwenye maji ya vuguvugu ndipo aweze kufunga vifungo.

"Unga huo," Mama alisema. "Mimi mashuka yalinipinda vidole hivi hivi. Kazi ya mikono ina malipo yake."

Ilikuwa na maana, na kitu chenye maana hakichunguzwi. Macho yakimvimba asubuhi, amelala vibaya kochini. Miguu ikijaa jioni, amesimama kutwa. Siku moja alitoka chooni anacheka, akamwambia Fundi kwamba mkojo wake siku hizi una povu kama maji ya kufulia, labda urithi wa Mama. Wakacheka wote wawili. Mama akauliza kinachochekesha, hawakumwambia.

Kuna jioni moja, wako mezani, Chuma aliweka kijiko chini akasema, "Mama, mimi nimechoka. Si uchovu wa kazi huu. Nimechoka kama mtu mzee."

Mama alikuwa anamchambulia Fundi mifupa ya samaki. Hakuinua macho. "Lala mapema leo," akasema. "Kesho kutwa ni kliniki ya dada yako, utahitaji nguvu."

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu, kwa kuwa Mama alitaka kumuuliza daktari mwenyewe kwa nini mabaka ya masikioni hayapungui. Waliketi kwenye benchi refu la ukumbini. Mtu aliyekaa karibu na Fundi alimtupia jicho mara moja, akasogea kidogo. Chuma akaona, akaja kukaa katikati yao, pua juu.

Ndani, daktari alikagua mashavu ya Fundi, masikio, kichwa. Akasoma majibu ya damu na mkojo. Akatabasamu.

"Unaendelea vizuri. Figo nzima, moyo mzima, damu nzuri."

"Vizuri vipi, Daktari?" Mama akauliza. "Hebu mwangalie. Nje kukiwa hivi, ndani kutakuwaje?"

"Ndani kuzima, Mama. Lupus ya huyu imeshika ngozi, na huko ndiko ilikokaa. Makovu hayatoki, hilo sitakudanganya. Lakini ukubwa wa makovu si ukubwa wa ugonjwa. Nina watu wenye nyuso safi kabisa ambao nawahofia kuliko huyu."

Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Daktari alikuwa ameshika kalamu aandike dawa, ndipo jicho lake lilipomwangukia Chuma, aliyesimama mlangoni na mwavuli na faili. Hakumtazama usoni, alitazama chini. Soksi za Chuma zilikuwa zimemkata mguu, nyama imefura juu yake kama unga ulioumuka nje ya chombo.

"Na wewe, miguu hiyo imeanza lini?"

Chuma akacheka. "Mimi msindikizaji tu, Daktari. Mgonjwa ni huyo."

"Najua mgonjwa ni nani. Njoo ukae hapa. Vua viatu."

Alimbonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi, akahesabu kimyakimya, akaondoa. Pakabaki shimo. Fundi alilitazama lile shimo kwenye mguu wa mdogo wake, akingoja lijae, na halikujaa. Daktari akamuuliza habari za viungo, za uchovu, za mkojo. Chuma alipotaja povu hakucheka tena. Wakampima presha, ikawa ya kutisha. Wakampa kikopo, akaenda chooni, akarudi. Muuguzi akakitazama kile kikopo, akamnong'oneza daktari.

Siku ile hawakurudi nyumbani watatu. Chuma alilazwa.

Majibu yalikuja moja baada ya jingine, na hakuna lililokuwa jema. Walichukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano mgongoni. Daktari mwingine, wa figo, kijana mrefu asiyejua pa kuweka mikono yake, aliwaketisha Mama na Fundi ofisini akawaambia kwamba ni lupus vilevile. Ugonjwa mmoja, nyumba moja. Kwa mkubwa umeshika ngozi. Kwa mdogo umeingia kwenye figo, umekaa humo muda mrefu, na sehemu kubwa imeshakufa.

"Lakini hana hata doa," Mama akasema. Alilisema polepole, kama anayemsaidia yule kijana kurekebisha kosa. "Mwangalie. Hana doa hata moja."

"Ndiyo, Mama," daktari akasema. "Ndiyo maana tumechelewa."

Wakaanza dawa kali. Dawa zile zilimvimbisha Chuma uso, mashavu yakawa ya duara. Alijitazama kwenye simu yake akamwambia Fundi, "Angalau sasa tumekuwa wa mama mmoja. Zamani nilikuwa nadhani nimeokotwa." Fundi alicheka kwa kuwa mdogo wake alitaka acheke. Baadaye dawa zikashindwa, wakamwingiza kwenye mashine ya kusafisha damu. Ikawa siku ya mashine, siku ya kulala, siku ya mashine. Sasa Fundi ndiye aliyebeba faili na chupa. Mwavuli alijishikia mwenyewe.

Ilikuwa kama dunia imegeuka lakini watu hawajaambiwa. Jirani mmoja alikuja wodini na matunda, akaingia, akanyoosha mkono moja kwa moja kwa Fundi aliyeketi pembeni ya kitanda. "Pole sana mgonjwa."

"Mgonjwa huyo hapo," Fundi akasema.

Jirani akamtazama Chuma, akamtazama Fundi, akaweka yale matunda katikati yao, mahali ambapo yeyote angeweza kuyachukua. Alipoondoka Chuma alisema, "Nimeugua mpaka nimelazwa, na bado unanipokonya pole zangu." Lakini sauti yake haikuwa na utani wote.

Fundi alikwenda kwa yule daktari kijana bila kumwambia Mama. Akamwambia nina figo mbili nzima, mmezipima wenyewe mwezi hadi mwezi, mchukue moja mumpe. Daktari akamweleza kwamba haiwezekani, mwenye lupus hatolewi figo, hata ikiwa nzima leo, kwa sababu hakuna ajuaye ya kesho. Mama naye alijitoa, wakamkataa kwa umri na presha. Ndugu wengine walisema watafikiria, na kufikiria kwao kukawa kurefu.

Fundi alitoka ofisini mle, akaenda kusimama kwenye ngazi za nje, juani, uso wazi. Alisimama mpaka mashavu yakaanza kumwasha. Mlinzi wa getini akaja kumwambia dada, jua hilo litakudhuru, sogea. Akasogea.

Mama sasa alikuwa akija wodini kila siku na chombo cha supu. Aliipika alfajiri, akaifunika kwa taulo ibaki ya moto. Lakini Chuma hakuruhusiwa supu. Maji alipimiwa, chumvi ilikatazwa. Muuguzi alimweleza Mama mara ya kwanza, mara ya pili, na Mama alijibu nimesikia mwanangu, na kesho yake akaja na supu.

Siku moja, Mama ametoka kuosha chombo cha supu ambayo haikunywewa, Chuma alisema, "Dada, unajua ni lini Mama alinipikia mimi kitu changu peke yangu? Nilikuwa darasa la pili, nina surua. Tangu hapo ni leo. Na leo siwezi kuonja."

Fundi alimnyooshea shuka miguuni.

"Sikuambii ili ulie. Nilikuwa nataka tu mtu ajue."

"Nilikuwa nakuonea wivu," Fundi akasema. Lilimtoka lenyewe. "Uso wako. Miaka yote hii."

Chuma aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama. "Na mimi nilikuonea wivu wewe," akasema. "Nilikuwa nikikushikia mwavuli nasema, laiti na mimi ningekuwa na kidoa. Kimoja tu. Hata mgongoni. Nikimwonyesha Mama aone."

Akafumba macho. Baadaye akaomba barafu kidogo ya kumung'unya, kipande kile anachoruhusiwa, na Fundi akamwekea mdomoni.

Chuma alikufa asubuhi ya siku ya mashine, kabla hawajamfikisha kwenye mashine. Moyo ulisimama. Fundi alikuwa kwenye foleni ya dawa, Mama alikuwa nyumbani anapika. Alipofika na chombo chake kimefungwa taulo, alimkuta binti mkubwa amekaa korido, na akajua. Akakaa pembeni yake. Hakulia kwa sauti. Alibaki amekipakata kile chombo mpaka kikapoa.

Msibani watu walijaa. Walimwangalia Chuma kabla hajafunikwa, wakasema alivyo mzuri, utadhani amelala, mtu hana kasoro. Shangazi yao, dada wa marehemu baba, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisikika ukumbini akimwambia mwenzake, "Kifo hakina macho. Aliyeharibika ameachwa, mzima amechukuliwa."

Fundi alikuwa jikoni anapanga vikombe. Aliyasikia yote. Hakukasirika, kwa kuwa neno lile alikuwa ameshajiambia mwenyewe kwa maneno makali zaidi. Ila Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, aliinuka mkekani.

"Wifi," akasema. "Hakuwa mzima. Alikuwa mgonjwa humu humu ndani, akatuambia, na mimi mama yake nikamwambia alale mapema. Kwa hiyo usiseme kifo hakina macho. Wasiokuwa na macho tulikuwa sisi."

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio wake, na baada ya kitambo akaja jikoni kumsaidia Fundi kubeba vikombe.

Siku zilipopita, kiwanda cha mikate kikaleta salamu kwamba vitu vya marehemu bado viko kwenye kabati lake. Fundi alikwenda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle. Alitegemea kutazamwa, kama kawaida, lakini wanawake wa kwenye meza za kukandia waliacha kazi wakaja na mikono yao ya unga, wakamkumbatia mmoja mmoja. Mzee wa tanuri akamwambia, "Wewe ndiye Dada. Hapa tunakujua. Kila siku ilikuwa dada yangu hivi, dada yangu vile."

Wakamfungulia kabati. Mlikuwa na aproni mbili, kitana, na viatu vya kazi, vya ngozi nyeusi. Fundi alivigeuza mkononi. Pande zote mbili za kila kiatu zilikuwa zimepasuliwa kwa kisu, mistari mirefu iliyonyooka, kutoka kwenye vidole hadi karibu na kisigino. Ndani ya mipasuko ngozi ilikuwa imechakaa, haikuwa ya juzi.

"Alianza kuvipasua mwaka jana," mwanamke mmoja akasema. "Miguu ilikuwa haiingii. Tukamwambia nenda hospitali. Akasema hospitali anakwenda kila mwezi."

Njiani Fundi aliwaza avitupe. Alifika mpaka kwenye pipa la taka la kona, akasimama. Mama ameshaumia vya kutosha, hiki atakiona cha nini. Lakini akaona pia kwamba nyumba yao imeponzwa na vitu ambavyo mtu hakuonyeshwa. Akaendelea na safari.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Fundi akakaa chini karibu naye, akaviweka vile viatu mkekani. Mama akafuta mikono. Akaviinua kimoja kimoja, akapitisha vidole vyake vilivyopinda ndani ya mipasuko, vikatokea upande wa pili.

"Vizuri alivyokata," akasema mwishowe. "Hakwenda upande."

"Ndiyo, Mama."

"Mwaka jana?"

"Wanasema mwaka jana."

Mama akavikumbatia, akaegemea ukuta. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu korido ile ya hospitali, kilio cha sauti, mdomo wazi, na majirani wakachungulia wakarudi ndani. Fundi hakumwambia nyamaza. Alisogeza ungo wa mchele usije ukamwagika, akamlaza mama yake begani mwake, shavu lenye makovu juu ya nywele nyeupe, wakakaa hivyo.

Fundi yu hai mpaka leo, na anaendelea na kliniki. Makovu hayakutoka. Kila akienda huambiwa kwamba ndani yuko salama, na kila akiambiwa, hushukuru kwa sauti ndogo, huchukua dawa zake, na hutoka haraka kabla yule daktari mpole hajaona macho yake.

Akirudi, Mama humuuliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema niko mzima."

"Mshukuru Mungu," Mama husema, na huenda kupakua. Sahani huwa mbili, na huzijaza sawasawa.